Kuosha mchicha hakutoshi: jinsi ya kulinda udongo wa Bonde la Msimbazi

Ukishuka kutoka Mchikichini kuelekea Jangwani unafika Bonde la Msimbazi. Kwa miaka mingi watu wa Dar wamelima mchicha, matembele na chainizi kwenye bonde hili. Mboga inavunwa asubuhi, mchana iko sokoni, jioni iko kwenye sufuria. Kwa hiyo hali ya udongo wa bondeni inamhusu hata mtu ambaye hajawahi kushika jembe.

Uchafu unatoka wapi?

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, Kisarawe, unapita Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye daraja la Selander. Njiani unapokea maji ya viwandani, majitaka ya vyooni, taka za majumbani na oili chafu ya magereji. Mkulima akimwagilia kwa maji hayo, uchafu unabaki kwenye tuta.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Watafiti walikuta madini mazito kwenye mboga hizo, yakiwemo risasi na kadimiamu.

Kwa nini kuosha hakutoshi?

Kuosha kunaondoa vumbi, tope na baadhi ya vijidudu. Lakini madini yaliyovutwa na mizizi yako ndani ya jani, na kuyachemsha hakuyaharibu. Risasi haiozi, ikishaingia udongoni inakaa vizazi na vizazi. Wanaoumia zaidi ni watoto, maana inadhuru ubongo unaokua.

Udongo unaosombwa

Huko juu ya mto miti inakatwa, mchanga unachimbwa, na kingo zinabomoka. Masika ikifika, udongo unasombwa na kwenda kujaa Jangwani. Mto ukikosa kina, maji yanapanda hadi majumbani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde hili. Lakini kuchimba tope bila kuzuia udongo huko juu ni kazi isiyoisha.

Mkulima afanye nini?

- Kaa mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukanda huo uachiwe matete na mianzi. Mizizi yake inashika udongo.
- Usimwagilie maji ya mto. Tafuta kisima ambacho maji yake yamepimwa.
- Pima udongo. Maabara zipo SUA Morogoro na TARI Mlingano, Tanga.
- Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, na chokaa ya kilimo kama udongo una asidi. Hivi haviondoi sumu, ila vinapunguza kiasi kinachoingia kwenye mmea.
- Tuta likigundulika limechafuka, usipande mboga za majani, kwani ndizo zinazovuta madini zaidi. Panda maua ya kuuza.
- Dawa za wadudu zitumike kwa kipimo kilichoandikwa. Plastiki isichomwe shambani.

Na sisi tusiolima?

Oili chafu na maji ya betri visimwagwe mtaroni. Mtaro wa mtaani mwisho wake ni mtoni au baharini, na kilichomwagwa leo kinaweza kurudi kama kitoweo.

Ukienda kununua mboga, muulize mama muuzaji: "Mchicha huu umelimwa wapi, na kwa maji gani?" Wateja wengi wakiuliza hivyo, mkulima anayetumia maji safi atapata soko, na anayetumia maji ya mto atakuwa na sababu ya kubadilika.