Skripti ya kuamsha na ukimya wake

Skripti ya kuamsha ni faili la maandishi lenye amri ambazo seva ya Unix huzitekeleza yenyewe kila inapowashwa, bila mtu kuketi mbele yake. Kwa Kifaransa, lugha ya masomo ya ufundi huko Butembo na Beni, huitwa script de démarrage, na asili ya démarrage ni kufungua kamba za chombo kilichofungwa gatini. Kiswahili kina maneno matatu yanayogombea nafasi hiyo, nayo hayalingani: kuwasha ni kazi ya kitufe na umeme, kuanzisha hudokeza jambo ambalo halikuwapo, kama mtu anavyoanzisha shule, ilhali huduma za seva iliyozimika zimo zote, zimelala diskini zikingoja kuitwa. Kuamsha ndilo neno linalofaa, ingawa nomino uamsho ni heri waachiwe wenye makanisa, waliokwisha kuizoea.

Neno hili linasaidia pia kutafuta hitilafu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikishapanda, huzindua mchakato namba 1, uitwao init, ambao huziamsha huduma nyingine. Katika mtindo wa System V, init husoma majina ya viungo vinavyoelekeza kwenye skripti, majina yanayoanza kwa S na namba, hivyo S20 hutangulia S80. Skripti isiyo na kiungo hailalamiki popote, kwa kuwa hakuna aliyeiita.

Inayotatiza zaidi ni skripti inayotii ikiitwa kwa mkono, kisha umeme ukikatika na gurupu, yaani jenereta, likiwashwa, seva huamka nayo ikabaki kimya. Sababu ni kwamba fundi aliyeingia kwa jina lake ana mazingira kamili, hasa PATH, orodha ya saraka zinamotafutwa programu, lakini init huiachia skripti orodha fupi mno, pengine kabla mtandao haujawa tayari; ndiyo maana kila amri yafaa iandikwe kwa njia kamili kuanzia mzizi. Faili lililohaririwa kwenye Windows nalo huficha herufi isiyoonekana mwishoni mwa mstari wa kwanza, #!/bin/sh, kiasi kwamba kerneli hutafuta mfasiri asiyekuwapo na kudai faili halipo, wakati liko wazi mbele ya macho. Betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, seva huamka katika mwaka uliopita zamani, na vyeti vya usalama hukataliwa.

Iwapo skripti imekosa tu ruhusa ya kutekelezwa, chmod +x hutosha. Hata hivyo, seva iliyokwama kabla ya kupakia AZERTY, mpangilio wa kibodi za Kifaransa, huenda ikaisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, hivyo m ya chmod hupatikana penye mkato, na mkwaju wa /etc penye alama ya mshangao.