Nyota kichwani mwa skrubu

Wengi wetu tulivuka kutoka Congo mwaka 2017, tukakaa Kenani, halafu mwaka 2018 tukaletwa Mantapala. Tulikuja na simu, siyo na vyombo vya ufundi. Ndiyo maana hapa Nchelenge bisibisi, ile tuliyozoea kuita turnevisi, ni mali.

Zamani skrubu ilikuwa na mstari mmoja tu kichwani. Ukikosa bisibisi, kisu kinatosha, hata sarafu. Ubaya wake inateleza, inachana mbao au mkono. Mwaka 1908 Mkanada mmoja, P. L. Robertson, akabuni kichwa chenye tundu la mraba. Bisibisi ikaingia na kukaa. Ford waliipenda sana, lakini Robertson alikataa kuwapa haki ya kuitengeneza, basi ikabaki zaidi kwao Kanada.

Nafasi ile akaichukua Henry Phillips wa Portland, Marekani. Nyota ya ncha nne aliibuni John Thompson. Phillips akainunua na kuirekebisha, na katikati ya miaka ya 1930 General Motors wakaanza kuitumia kwenye Cadillac. Nyota inajiweka katikati yenyewe, mashine inafunga haraka. Yaani alifikiriwa mtu wa kiwandani anayefunga. Sisi tunaofungua, nani alituwaza?

Halafu Wajapani wana nyota yao, inafanana na ile lakini vipimo siyo sawa. Iko kwenye injini nyingi za boti hapa Mweru na kwenye pikipiki. Ukilazimisha bisibisi ya Phillips inapanda juu, inakula kichwa. Mvuvi anamlaumu fundi, kumbe bisibisi siyo yake!

Mwaka 1967 ikaja Torx, nyota ya ncha sita. Simu nyingi za batani za Nokia zilifungwa nayo, kwa hiyo fundi wa simu lazima awe na T6. Hiyo tuliizoea. Lakini mwaka 2009 Apple wakaleta umbo la ua la petali tano kwenye betri ya MacBook Pro, baadaye kwenye iPhone. Kwa maoni yetu hiyo haikutafuta kufunga vizuri, ilitafuta tusifungue.

Ndugu zetu wa mashirika, mkichagua taa za sola, geuzeni kwanza mgongo wake. Kama ina nyota ya kawaida, betri ikifa tunabadilisha hapahapa Mantapala. Kama ni gundi tupu, inaenda jalalani.