Kombaini

Ukifika Basotu, wilayani Hanang, ngano ikiwa imekauka, neno utakalolisikia sana ni kombaini. Kwa Kiingereza lina maana ya kuunganisha. Shina lake la Kilatini ni "bini", yaani viwili viwili. Mashine ilipewa jina hilo kwa kuwa inaunganisha kazi tatu: kuvuna, kupura na kupeta.

Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua Hanang mashamba saba ya ngano, jumla ya ekari 100,000 hivi. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, nao walikwenda mahakamani kuidai. Ndiyo maana inaniuma tunapoliandika neno hili kama jina jingine la maendeleo. Kwa wafugaji wale, mashine zilikuja pamoja na kulimwa kwa malisho na makaburi ya wazee wao.

Michezoni, kombaini ni timu ya wachezaji waliochaguliwa kutoka timu mbalimbali. Ni neno lilelile, na matumizi yote mawili ni sahihi.