Maumbo ya Wageni Katika Daftari la Marekani

Mtu wa kwanza kupewa hataza ya umbo katika Marekani alikuwa mzaliwa wa Edinburgh, nchini Uskochi: George Bruce, aliyekuwa akisubu herufi za chapa mjini New York, na ambaye tarehe 9 Novemba 1842 alikabidhiwa hati ya kuzilinda sura za herufi zake. Hataza ya namna hii hailindi kazi ya kitu bali sura yake, kama vile mkunjo wa mpini wa kijiko, maua ya zulia, au umbo la taa. Na kwa kuwa sura ndiyo imvutayo mnunuzi kabla hajakishika kitu mkononi, daftari la hataza hizi lina habari nyingi za tijara kuliko za elimu.

Wageni hawakulakiwa humo kwa bashasha. Sheria ya 1836 ilikuwa imekadiria ada ya hataza za uvumbuzi kuwa dola 30 kwa raia, dola 300 kwa ajinabi, na dola 500 kwa raia wa Uingereza. Nayo sheria ya tarehe 29 Agosti 1842, iliyoanzisha hataza za maumbo kwa rai ya Henry Ellsworth, mkuu wa ofisi ya hataza, ilimruhusu raia peke yake, au mgeni aliyekwisha kukaa nchini mwaka mzima na kuapa kwamba anakusudia kuwa raia. Basi mtu akiuona uhaba wa majina ya kigeni katika kurasa za miaka ile, akadhani Ulaya haikuwa na mafundi au Marekani haikuwa na soko, atakuwa amekosea sana, maana alichokipima ni ukali wa sheria. Ubaguzi wa ada ulifutwa mwaka 1861, isipokuwa kwa nchi zilizowabagua Wamarekani.

Mgeni aliye mashuhuri kuliko wote katika daftari hilo ni Frédéric Auguste Bartholdi, Mfaransa, aliyepewa hataza nambari 11,023 tarehe 18 Februari 1879 kwa umbo la Sanamu ya Uhuru, miaka saba kabla sanamu yenyewe haijazinduliwa katika bandari ya New York. Hati yake haikuishia kwenye jabali lile la shaba, bali ilitaja pia sanamu ndogo na nakshi za metali, mawe, udongo wa kuchoma na plasta, yaani vitu vya kuuzwa madukani, na fedha zilikuwa zikihitajika mno kuikamilisha kazi. Hapa ndipo ilipo siri ya kuyahesabu maumbo ya wageni katika daftari: hakuna agharimiaye ada na ujira wa wakili katika nchi asikotarajia wanunuzi, na kwa sababu hiyo wingi wa maumbo ya wageni ni ushahidi, kwanza kabisa, wa raghba ya soko la mwenyeji.

Ushahidi wa pili, unaohusu ustadi wa usanifu katika nchi atokako mgeni, huchelewa kuonekana. Konosuke Matsushita aliporejea Japani kutoka Marekani mwaka 1951 alianzisha idara ya usanifu katika kampuni yake. Mwaka 1957 serikali ya Japani, iliyochoshwa na lawama kwamba bidhaa zake ziliiga za wengine, ikaanza kutunuku maumbo bora. Na mwaka 1996 Lee Kun-hee wa Samsung, Korea Kusini, akautangaza kuwa mwaka wa mapinduzi ya usanifu. Samsung baadaye ikawa miongoni mwa kampuni zipatazo hataza nyingi kabisa za maumbo huko Marekani, na mwaka 2018 mahakama ya California ikaiamuru iilipe Apple zaidi ya dola milioni 533 kwa kukiuka hataza zake tatu tu za maumbo.

Hata hivyo, daftari humtambua mgeni kwa makazi ya mbunifu anayetajwa kwanza, wala haliangalii kiwanda kilipo. Simu iliyochorwa California huandikwa ya Marekani japokuwa imeunganishwa China. Tena, tangu tarehe 13 Mei 2015 Marekani imo katika Mapatano ya The Hague, ambayo kwayo mgeni huomba ulinzi katika nchi nyingi kwa ombi moja. Anayezilinganisha hesabu za kabla na baada ya siku hiyo na asisahau kwamba mlango umepanuliwa.