Sildenafili kwa mbwa

Sildenafili ni dawa ya upungufu wa nguvu za kiume, inayofahamika zaidi kwa jina la Viagra. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998. Hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya cha PDE5, na hivyo kulegeza mishipa ya damu. Madaktari wa mifugo huitumia pia kutibu shinikizo kubwa la damu katika mapafu ya mbwa, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Madhara. Mbwa akimeza vidonge vya binadamu, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla: hutapika, hulegea, moyo humwenda mbio, na huweza kuzirai. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo yumo hatarini zaidi.

Kitui na Makueni. Katika kaunti hizi kame za Ukambani, nchini Kenya, mbwa hulinda boma na mbuzi, na wengi huzurura bila kufungwa. Kidonge kilichoachwa mezani au kutupwa jalalani huweza kuwafikia kwa urahisi.

Kinga. Dawa zifungiwe kabatini. Mbwa akimeza, asitapishwe kiholela; apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa.