Nafasi ya Sauti katika Taarab

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya santuri ya His Master's Voice. Enzi mpya ilikuwa imeanza. Kabla ya 1925 msanii aliimbia ndani ya pembe kubwa, nayo nguvu ya sauti yake ikaisukuma sindano ichore kwenye nta. Hapakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza: aliyetakiwa asikike alisogezwa mbele, na mwenye chombo kikali akarudishwa nyuma.

Pembe hiyo ilinasa kwa shida mitetemo inayozidi 2,500 kwa sekunde. Kwa shairi, hasara hiyo si ndogo. Irabu hubeba uzito wake chini, ilhali s, f na sh hupata sura zake juu. Zikififia, “fani” na “shani” huelekea kuwa neno moja masikioni. Maikrofoni na umeme viliupanua mlango huo hadi mitetemo 5,000 hivi.

Ufundi wa kusawazisha masafa ya sauti ulikuzwa na mafundi wa simu. Waya mrefu ulizimeza sauti za juu, nao wakabuni njia ya kuzirejesha zilingane na za chini. Studio zikaurithi ujuzi huo. Na mwaka 1972 George Massenburg akaeleza kisawazishi kinachomwezesha fundi kuchagua masafa ayatakayo, upana wake, na kiasi cha kuyapandisha au kuyashusha.

Hapo ndipo busara inapohitajika. Fidla, kanuni, akodiani na koo la mwimbaji hukutana pamoja kati ya mitetemo 1,000 na 4,000. Fundi mwenye pupa humpandisha mwimbaji, kisha vyombo, kisha mwimbaji tena, hata pakawa ghasia. Fundi mjuzi huanza kwa kupunguza: huzishusha fidla kidogo karibu na 3,000, na huondoa katika sauti ya mwimbaji mvumo ulio chini ya 100. Neno hupata njia bila ya kupiga kelele.

Vinanda vya umeme na besi vilipotamalaki katika taarab ya miaka ya 1990, wengi walivilaumu vyombo hivyo. Kosa, naona, ni kutogawana nafasi. Mtunzi ana mizani yake, na fundi naye ana yake. Fundi akiikosea, shairi lililotimia vina litamfikia msikilizaji likiwa guni.