Mbao za Milango ya Kabati katika Nchi ya Ukambani

Katika taarifa za mwaka husemwa mengi juu ya karo, mazishi na maji, na ni haki. Lakini yafaa pia tuandike habari za mbao, kwa kuwa fedha nyingi za watu wa Tulia huenda kununua mbao za mbali, hali mti ulio bora wamea katika mashamba yetu wenyewe. Nasema hasa juu ya mlango wa kabati la vyombo na la nguo (wala sisemi Kabati, soko la jirani zetu), kwa sababu hakuna kazi ya seremala inayofichua ubao mbaya upesi kama hiyo.

Zamani Mkamba hakuwa na haja ya kabati. Alikuwa na mzinga wa nyuki, kinu, na kile kigoda cha mzee chenye miguu mitatu, kilichochongwa kwa tezo katika kipande kimoja cha mti na kupambwa kwa waya. Kitu cha kipande kimoja hakina viungo vya kuachana. Mchongaji alipaswa kujua ni mti upi mchwa hawaupendi, na jambo hilo alilijua barabara: mukau kwa mizinga, muuku kwa nguzo.

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 uchongaji ulipata njia mpya. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa vita, alirudi akawafundisha watu wa kwao, na kazi yao ikaenea hata Nairobi na Mombasa. Wakachonga mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikaadimika; mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo walipohimizwa kuchonga mwarobaini na mwembe.

Useremala wa kuunga mbao ulikuja kwa mlango mwingine: shule za misheni, na chuo cha ufundi cha Kabete kilichofunguliwa katika miaka ya 1920. Mbao zilizozoeleka zikawa za saiprasi, mti wenye asili ya Meksiko na nchi jirani, uliopandwa na Idara ya Misitu katika nyanda za juu zenye mvua. Ubao wake ni mwepesi na hukubali randa, nami siudharau. Taabu ni kwamba mara nyingi hutufikia ukiwa mbichi. Mlango wa kabati huning'inia kwa bawaba mbili tu. Haukushikwa na ukuta wala na paa. Ubao wenye maji ukiletwa Kitui mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, husinyaa kwa upana wake, hujipinda, na mlango hukataa kufunga. Kwa sababu hiyo mafundi stadi hutengeneza fremu yenye mfuo, wakauingiza ubao wa katikati humo bila gundi, upate nafasi ya kusinyaa na kutanuka. Hata hivyo, fremu yenyewe ikiwa mbichi, hakuna ujanja utakaoiponya.

Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaongezwa muda mara kadhaa. Bei ya mbao ikapanda. Hapo watu wakaukumbuka mukau.

Mti huu ni wa nchi kavu ya Afrika Mashariki. Moyo wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, wengi huufananisha na mahogani, na mchwa huuepuka. Ulikatwa mno, na kuupanda tena kukawa kugumu, kwa kuwa kokwa yake ni ngumu kama jiwe: yapasa kuivunja kwa uangalifu, kuikata kidogo ngozi ya mbegu na kuiloweka. Watafiti wa misitu walio Kitui, wakisaidiana na Wajapani, waliifanyia kazi tangu miaka ya 1980. Na kuanzia 2012 walichagua miti mama iliyo bora na kupanda mashamba ya mbegu huko Tiva, upande wa Kitui, na Kibwezi, upande wa Makueni. Wakati huohuo wakulima walifundishwa kuondoa machipukizi ya shina yangali laini, ili gogo linyooke na ubao usiwe na vifundo.

Basi mnunuzi na asiridhike na jina la mti. Aulize ulikuwa na umri gani, kwa maana mukau wa miaka 10 hadi 15 ndio huhesabiwa kuwa umekomaa. Uliokatwa mapema una weupe mwingi wa nje na moyo mdogo. Atazame ncha za mbao kama zina nyufa. Aulize zilipasuliwa lini, na kama zilipangwa kivulini na vijiti katikati yake, upepo upite. Aombe kuona hati ya kusafirishia mbao, kwani asiyekuwa nayo huenda aliiba.

Muuzaji naye ana hasara yake. Dalali huja shambani, huutazama mti uliosimama, hukadiria kwa macho na kulipa bei moja. Kisha mbao huuzwa kwa seremala kwa futi. Mkulima haoni hesabu hiyo ya pili. Kwa maoni yangu kamati ingefaa kuzungumza juu ya banda moja la kukaushia mbao karibu na barabara, pasipo na kuta, lenye paa la mabati na sakafu iliyoinuliwa, ambapo mwenye mti aweza kuweka mbao zake miezi kadhaa na seremala akaja kuzipima mwenyewe.